Watu wa Sheffield: mtengeneza saa, mtazama miamba na mtoto wa myeyushaji feleji

Ukiuliza nani aligundua stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, utajibiwa upesi: Harry Brearley, Sheffield, 1913. Jibu hilo si baya, ila linamtenga mtu huyo na mji uliomlea. Baba yake alikuwa myeyushaji wa feleji (chuma cha pua), na kazi ile ya kuyeyusha ilibuniwa na mtengeneza saa aliyehamia huko zaidi ya miaka 170 kabla ya ugunduzi wa 1913. Njia aliyoitumia Brearley kukagua aloi yake, yaani mchanganyiko wake wa metali, kwa hadubini nayo ilibuniwa na mzaliwa mwingine wa mji huohuo, yapata miaka 50 nyuma. Ndiyo maana watu hawa tunawaeleza pamoja, na tunawaeleza kwa kazi zao: walichanganya nini, kwa joto gani, nini kiliharibika na kwa nini. Anayenunua sufuria, anayechomelea tangi la maji au anayeendesha mashine ya kusaga kokoto bado anakutana na matatizo yaleyale.

Sheffield iko kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire Kusini, pale mto Sheaf unapoingia kwenye mto Don. Mito mingine mitatu, Porter, Rivelin na Loxley, hushuka kutoka milima ya Pennine. Si mito mikubwa, lakini inateremka kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyozungusha magurudumu ya kunolea visu kabla ya injini za mvuke. Vilima vya jirani vilitoa mawe ya mchanga ya kuchongea vinoo, makaa ya mawe, na udongo unaostahimili moto. Kilichokosekana ni chuma safi. Chuma cha Uingereza kilikuwa na fosforasi na salfa nyingi mno kwa feleji bora, hivyo mafundi walinunua nondo za chuma kutoka Uswidi. Chama cha watengeneza visu wa eneo hilo, Hallamshire, kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, kikapewa mamlaka ya kulinda ubora na alama ya kila fundi.

Feleji, au chuma cha pua, ni chuma chenye kaboni kidogo. Ile ya visu na zana za kukatia huwa na kaboni kati ya asilimia 0.5 na 1.5. Kaboni ikipungua, kisu hakishiki makali. Ikizidi, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kikigongwa. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi wa Sheffield lilikuwa: kaboni ni kiasi gani, na je, imesambaa sawasawa?

Huntsman na chungu cha udongo

Benjamin Huntsman alizaliwa Epworth, Lincolnshire, mwaka 1704, akawa mtengeneza saa mjini Doncaster. Kilichomsumbua ni springi za saa. Feleji ya wakati huo ilipatikana kwa kupanga nondo za chuma pamoja na mkaa uliosagwa ndani ya masanduku ya mawe, kuyaziba hewa isiingie, kisha kuyachoma kwa takribani wiki nzima katika joto la nyuzi 1,000 hadi 1,100 za Selsiasi. Kaboni huingia polepole kutoka nje kwenda ndani. Nondo ilitoka na malengelenge juu yake, ikiwa na kaboni nyingi pembeni na kidogo kwenye kiini, na michirizi ya mavi ya chuma, yaani takataka zilizobaki humo tangu chuma kilipofuliwa. Shoka linaweza kuvumilia kasoro hiyo. Springi nyembamba haivumilii; inakatika palepale uchafu ulipo.

Huntsman alihamia Handsworth, karibu na Sheffield, yapata mwaka 1740, akaanza kujaribu kuyeyusha feleji yote mpaka iwe maji. Ikiyeyuka, kaboni inasambaa na mavi ya chuma, kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu. Mafundi wa India na Sri Lanka walikuwa wakitengeneza feleji ya chunguni karne nyingi kabla yake, katika vyungu vidogo vilivyozibwa. Huntsman alitaka kuipata kwa wingi wa kuuza, tena aimimine kwenye kalibu. Joto linalohitajika ni nyuzi 1,600 hivi, na katika joto hilo udongo wa kawaida hulainika na kubomoka.

Kwa hiyo siri ilikuwa kwenye chungu kuliko kwenye feleji. Katika utaratibu uliokuja kuzoeleka Sheffield, aina kadhaa za udongo unaostahimili moto zilichanganywa na koki (makaa ya mawe yaliyochomwa kuondoa gesi) iliyosagwa, kisha mchanganyiko ukakanyagwa kwa miguu mitupu saa nyingi. Miguu ilitumika kwa sababu nyayo huhisi kijiwe na kipovu cha hewa. Kipovu kimoja kikibaki, hewa yake inatanuka motoni, chungu kinapasuka, na feleji yote inamwagika kwenye makaa. Vyungu vilianikwa wiki kadhaa ndani ya jengo lenye joto, halafu vikapashwa moto taratibu usiku mzima kabla ya kuingizwa tanurini. Aliyeharakisha hatua hiyo alivipoteza.

Matanuri yenyewe yalikuwa mashimo kwenye sakafu ya karakana, chini yake kukiwa na chumba cha kuingizia hewa na juu kukiwa na bomba refu la moshi linaloivuta. Shimo moja lilichukua vyungu viwili. Vipande vya feleji ya malengelenge vilitiwa chunguni, kifuniko kikawekwa, koki ikajazwa pande zote na kuongezwa kila ilipopungua. Baada ya saa tatu au nne feleji ilikuwa imeyeyuka, lakini haikumiminwa papo hapo. Iliachwa motoni kwa muda ili gesi iliyomo itulie, kwani ikimiminwa inachemka, ingoti, yaani bonge la feleji lililogandia kwenye kalibu, hutoka na matundu. Kisha mtu mmoja, miguu na mikono ikiwa imefungwa magunia yaliyoloweshwa maji, alisimama juu ya shimo na kukivuta chungu kwa koleo ndefu. Mwingine aliondoa mavi ya chuma na kumimina. Feleji ilipaswa kushuka katikati ya kalibu bila kugusa kuta zake, na kuta hizo zilipakwa masizi kwanza. Mkondo ukigusa ukuta, ngozi ya ingoti inaharibika, na ufa huo unafuata mpaka kwenye kisu.

Karne ya 19 chungu kimoja kilibeba takribani kilo 25. Kilitumika mara tatu tu, siku ileile, na kila mara kiasi cha feleji kilipunguzwa. Mavi ya chuma hula udongo mahali usawa wa feleji ulipo, hivyo mzigo wa pili uliwekwa chini kidogo ya pale ukuta ulipokwisha kuliwa, na wa tatu chini zaidi.

Hapakuwa na kifaa cha kupima joto wala kaboni. Joto lilijulikana kwa macho. Kaboni ilijulikana kwa kuvunja ncha ya ingoti na kuitazama chembe zake: mkaguzi mzoefu alitenganisha feleji ya nyembe, yenye kaboni ya asilimia 1.5 hivi, na ile ya patasi, ya asilimia 1, kwa mng'ao na ukubwa wa chembe peke yake. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulipitishwa karakanani kwa miaka ya kusimama karibu na aliyejua. Anayetaka kuona tanuri la aina hii likiwa zima anaweza kwenda Abbeydale, kusini-magharibi mwa Sheffield, ambako kiwanda kizima kimehifadhiwa kama makumbusho.

Wateja wa kwanza wa Huntsman hawakuwa majirani zake. Watengeneza visu wa Sheffield waliikataa feleji yake kwa kuwa ilikuwa ngumu kufua, naye akaiuza Ufaransa. Visu vya Kifaransa vilipoanza kuingia Uingereza na kuvishinda vya kwao, ndipo walipobadili msimamo. Huntsman hakuomba hataza. Mwaka 1751 alihamisha kiwanda Attercliffe, upande wa mashariki wa Sheffield, akaendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1776. Feleji ya chunguni ilibaki kuwa kipimo cha ubora kwa zana za kukatia mpaka tanuri la umeme lilipoiondoa katika karne ya 20.

Vumbi la wanoaji

Habari za wagunduzi wa Sheffield hazikamiliki bila watu walionoa. Kisu kilipita mikononi mwa mfuaji, mnoaji na mtia mpini, na mara nyingi kila mmoja alikuwa fundi anayejitegemea aliyekodi nafasi kwenye karakana. Vipini vya visu bora vilikuwa vya pembe za ndovu, bidhaa ambayo Zanzibar ilikuwa soko lake kubwa katika karne hiyohiyo.

Mnoaji alikaa ameinama juu ya gurudumu la jiwe la mchanga. Visu vingi vilinolewa jiwe likiwa na maji. Uma zilinolewa jiwe likiwa kavu, na vumbi la chuma na la silika, madini ya mchanga, likaingia moja kwa moja mapafuni. Daktari George Calvert Holland, mzaliwa wa Sheffield, aliandika kwa kina juu ya ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi hilo mwaka 1843. Wanoaji wa uma walikuwa wakifariki wakiwa katika umri wa miaka ya thelathini, wengine kabla ya hapo. Feni za kuvuta vumbi zilikuwa zimeshabuniwa, ila karakana nyingi hazikuziweka.

Tunalitaja hili kwa uzito kwa sababu silika haijabadilika. Anayekata mawe, vigae au zege kwa grenda bila maji anavuta kitu kilekile. Chembe zinazoua ni zile ndogo zisizoonekana, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Maji kwenye diski na kifaa cha kuvuta vumbi ndivyo kinga ya kwanza. Barakoa ya kuchuja vumbi laini inafuata.

Sorby aliyekata chuma kama mwamba

Kuna waliohamia wakiwa na jina tayari. Henry Bessemer alitangaza mwaka 1856 njia yake ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, ambayo kwa dakika 20 hivi ilifanya kazi ya siku nyingi. Walionunua leseni walishindwa: chuma chao kilikuwa na fosforasi, na hewa yenyewe iliacha oksijeni iliyofanya feleji imeguke. Mwaka 1858 akafungua kiwanda chake Sheffield kuthibitisha kwamba inawezekana, akitumia chuma chenye fosforasi kidogo. Dawa ya oksijeni ilikuwa metali iitwayo manganizi, jambo linalotokana na kazi ya mtaalamu wa chuma Robert Mushet. John Brown, mzaliwa wa mji, akafanya utajiri kwa reli za feleji hiyo na kwa mabamba ya manowari. Mtungi mmoja wa Bessemer, chombo ambacho hewa ilipulizwa ndani yake, umesimama leo nje ya makumbusho ya Kelham Island.

Lakini aliyebadilisha jinsi ya kuijua feleji ni Henry Clifton Sorby, aliyezaliwa Sheffield mwaka 1826 katika familia ya watengeneza zana. Alikuwa na mali ya kutosha asihitaji kuajiriwa, akaamua maisha yake yote yawe ya utafiti. Alianza na miamba, akisaga kipande cha jiwe mpaka kinakuwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Wapo waliomcheka kwamba anatazama milima kwa hadubini. Mwaka 1863 aliigeukia feleji, na mwaka uliofuata akaonyesha picha zake mbele ya wanasayansi.

Feleji haipitishi mwanga hata ikiwa nyembamba vipi, hivyo aliitazama kwa mwanga unaoakisiwa. Hatua zake ndizo tunazofuata maabarani hadi leo. Kata kipande bila kukipasha moto. Kisugue kwa msasa, kutoka mkali kwenda laini, kila hatua ukikigeuza nyuzi 90 mpaka mikwaruzo ya hatua iliyopita itoweke. Kisha king'arishe mpaka kiwe kioo. Kikiwa kioo hakuna kinachoonekana. Hapo ndipo asidi ya nitriki iliyozimuliwa sana inapopakwa kwa sekunde chache, ikila sehemu moja zaidi ya nyingine na kuuonyesha muundo. Ukibonyeza sana wakati wa kung'arisha, unapaka ngozi laini ya chuma juu ya muundo halisi na picha inakudanganya. Ukizidisha asidi, uso unakuwa mweusi na inabidi kurudi kwenye msasa.

Sorby aliona kwamba feleji ni mkusanyiko wa chembe za aina tofauti, na kwamba nyingine zina tabaka nyembamba mno zinazopishana, ngumu na laini, zikiakisi mwanga kwa rangi za lulu. Wenye viwanda hawakumjali kwa takribani miaka 20. Alirudi kwenye kazi hiyo katika miaka ya 1880 akiwa na ukuzaji mkubwa zaidi, na safari hii walimsikiliza. Tukishangaa kwamba kazi hii ilisubiri hivyo, tukumbuke kwamba mkaguzi aliyevunja ingoti na kuitazama kwa macho alikuwa hajakosea mara nyingi. Wenye viwanda hawakuona pengo.

Hadfield na feleji inayogomba na nyundo

Robert Hadfield alizaliwa Attercliffe mwaka 1858, akarithi kiwanda cha baba yake akiwa kijana. Mwaka 1882 alikuwa akichanganya feleji na manganizi kwa viwango mbalimbali. Iliaminika kwamba manganizi ikizidi asilimia mbili au tatu, feleji inakuwa ya kumeguka, na ni kweli, ila kwa kiasi fulani tu. Hadfield hakuishia hapo. Alipofika asilimia 12 hadi 14, pamoja na kaboni ya asilimia 1 hivi, alipata kitu ambacho kila fundi alikiona kinakwenda kinyume. Feleji ya kawaida ikipashwa moto na kutumbukizwa majini inakuwa ngumu na dhaifu. Hii, ikipashwa mpaka nyuzi 1,000 au zaidi kidogo na kutumbukizwa majini, inakuwa laini na haivunjiki. Halafu ukiigonga, pale ulipogonga panakuwa pagumu. Na ingawa karibu yote ni chuma, sumaku haiishiki.

Ndiyo iliyotumika kwenye makutano ya reli, kwenye kofia za chuma za askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo kwenye taya za krasha za machimbo ya kokoto. Wanaozitumia taya hizo wafahamu mambo mawili. La kwanza, ugumu unatokana na kipigo. Krasha inayosaga mawe laini au mchanga haiigongi taya vya kutosha, na taya inaliwa haraka ikiwa bado laini. Si lazima iwe bandia. La pili, feleji hii haivumilii kukaa motoni. Ikichomelewa mpaka ikawa nyekundu eneo kubwa, kaboni na manganizi hujitenga kwenye mipaka ya chembe, na taya inapasuka pembeni mwa mshono siku chache baadaye. Mistari iwe mifupi, ipoe kati ya mmoja na mwingine, na sehemu iliyo karibu na mshono isipite nyuzi 260 hivi. Fundi anayeipasha kwanza kwa gesi, kama anavyofanya kwa feleji nyingine ngumu, anaiharibu kwa nia njema.

Brearley na visu visivyokata

Harry Brearley alizaliwa mwaka 1871 katika mtaa wa maskini karibu na mto Don. Alianza kazi akiwa na miaka 12 katika kampuni ya Thomas Firth and Sons, aliyofanyia kazi baba yake, na baada ya muda akawa muosha chupa wa maabara yake ya kemia. Kusoma alisoma jioni. Alifanya kazi miaka kadhaa kiwandani Riga, mji wa Latvia ya leo, ambako alijifunza kuaminia macho na nyundo pale vipimo vinapokosekana. Mwaka 1908 alikabidhiwa maabara iliyoendeshwa kwa pamoja na Firth na kampuni ya John Brown.

Mwaka 1912 alipewa tatizo la mitutu ya bunduki, inayoliwa ndani na joto na gesi ya baruti. Alidhani metali ya kromiamu ingesaidia. Tarehe 13 Agosti 1913 ilimiminwa feleji yenye kromiamu ya asilimia 12.8 na kaboni ya asilimia 0.24. Alipotaka kuikagua kwa njia ya Sorby, asidi haikuila, au iliila kidogo sana. Mkemia mwingine angeongeza nguvu ya asidi na kuendelea na mitutu. Brearley, aliyekulia kwenye mji wa visu, alijaribu siki na maji ya limau, vitu vinavyochafua kisu cha mezani kila siku, akatambua alichokishika.

Haki inataka isemwe kwamba hakuwa peke yake. Ujerumani, Eduard Maurer na Benno Strauss wa kampuni ya Krupp walikuwa wamepata hataza mwaka 1912 kwa feleji yenye kromiamu na nikeli, na Marekani Elwood Haynes alikuwa kwenye njia hiyohiyo. Alichofanya Brearley ni kuing'ang'ania mpaka ikawa kisu.

Hilo lilikuwa gumu kuliko kuigundua. Watengeneza visu wa kwanza waliopewa feleji hiyo walirudisha jibu kwamba haifai: haifuliki, hainoleki na haishiki makali. Tatizo lilikuwa joto. Feleji ya kaboni hupashwa mpaka nyuzi 780 hivi, rangi ya wekundu wa cheri, kisha inazimwa majini. Ya Brearley ikipashwa hivyo haibadiliki kabisa. Inatoka laini kama ilivyoingia. Inahitaji nyuzi 950 hadi 1,050, rangi ya machungwa, kiwango ambacho kila mhunzi wa Sheffield alifundishwa kwamba kinaunguza feleji. Katika kufua, iliwekwa kwenye nyundo ikiwa imepoa mno, ikapasuka. Na tofauti na feleji waliyoizoea, hii hujikaza yenyewe ikipoa hewani, hivyo kisu kilichoachwa kando baada ya kufuliwa kilikuwa kigumu kuliko tupa. Aliyelimaliza jambo hilo ni Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu cha Mosley kwenye jengo la Portland Works. Alirudia majaribio mpaka akapata joto lake, akajaribu visu kwenye siki, na ndiye aliyependekeza jina tunalolitumia, badala ya lile la Brearley la feleji isiyo na kutu.

Joto hilo la juu lina sababu ya pili. Kabla ya kuzimwa, sehemu ya kromiamu imefungwa na kaboni katika chembe ndogo ngumu, na kromiamu iliyofungwa haiwezi kulinda. Katika nyuzi 1,000 chembe nyingi huyeyuka na kuiachia. Kwa hiyo kisu cha feleji ya Brearley hakipati kinga yake kamili mpaka kikazwe na kung'arishwa. Muundo uleule ndio unaokipa makali na unaozuia kutu.

Brearley aliondoka Firth baada ya mgogoro juu ya haki za ugunduzi, akahamia kampuni ya Brown Bayley. Aliyemfuata maabarani, William Hatfield, ndiye anayehusishwa na mchanganyiko wa kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 wa mwaka 1924, uliozaa sufuria na sinki za leo. Brearley alifariki mwaka 1948. Katika vita vyote viwili vya dunia viwanda vya Sheffield viliendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake, waliotolewa kazini mara tu amani iliporudi. Sanamu yao ilisimamishwa katikati ya mji mwaka 2016, kwa kuchelewa mno.

Stenlesi inavyopata kutu

Kinga ya stenlesi ni utando wa oksidi ya kromiamu wenye unene wa nanomita chache tu. Huhitaji kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, na huhitaji oksijeni: ukikwaruzwa hujiziba wenyewe hewani. Kwa hiyo kila kinachoondoa kromiamu au kuzuia oksijeni kinaleta kutu.

Adui mkubwa ni kloridi, yaani chumvi. Hupenya utando mahali dhaifu, inachimba kitundu, na ndani ya kitundu oksijeni inakwisha na asidi inajijenga, hivyo kitundu kinaendelea kushuka hata uso wa juu ukiwa unang'aa. Jikoni, tia chumvi maji yakishachemka na koroga, kwani chembe za chumvi zikitua chini ya sufuria yenye maji baridi huacha alama za vitundu. Usiloweke vyombo vya stenlesi kwenye jiki usiku kucha. Usisugue kwa stili waya. Vipande vyake hubaki juu ya uso na kushika kutu, na mwenye sufuria anadhani ni sufuria.

Mwambao wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar unahitaji uangalifu zaidi. Stenlesi ya daraja la 304, yenye kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8, hupata madoa ya rangi ya chai kwenye vizuizi vya ngazi na balkoni zinazotazama bahari. Daraja la 316, lenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, linastahimili zaidi. Uso laini ni bora kuliko uliokwaruzwa, kwa kuwa mikwaruzo inashika chumvi. Na sehemu zisizofikiwa na mvua ndizo zinazoharibika kwanza. Zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mara.

Kwa fundi wa kuchomelea, hatari ni ile aliyopambana nayo Stuart, ila imegeuka. Stenlesi ikikaa kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni huifunga tena kromiamu kwenye mipaka ya chembe, na mstari wa pembeni mwa mshono unabaki bila kinga. Tangi linavuja hapo, si kwenye mshono wenyewe. Kwa mabati mazito tumia 304L au 316L, zenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Rangi ya buluu na kahawia inayobaki baada ya kuchomelea iondolewe, kwa kuwa chini yake kromiamu imepungua. Dawa ya kupaka ya kuiondolea ina asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi hadi mifupani. Asiye na glavu maalumu na mafunzo asiiguse, atumie diski laini mpya. Diski iliyokwisha kukata chuma cha kawaida isiguse stenlesi kabisa.

Sumaku haitoshi kujua ubora. Stenlesi ya visu, jamaa wa moja kwa moja wa ile ya Brearley, hushikwa na sumaku na ni stenlesi halali. Daraja la 201, lenye manganizi mahali pa sehemu ya nikeli, haishikwi, na bado ni dhaifu kuliko 304 mbele ya chumvi. Muulize muuzaji daraja na cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyusho, uilinganishe na ile iliyochapwa kwenye bati. Asipokuwa nacho, kipande kinaweza kupimwa maabarani kwa mionzi ya eksirei kwa dakika chache na kuonyesha kromiamu, nikeli na molibdenamu. Kipimo hicho hakisomi kaboni. Kama unachonunua ni cha kuchomelea na unahitaji uhakika wa L, omba kipimo cha cheche za umeme.